Siku ya kuchuma kahawa: kila aina na gunia lake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mvua imeacha, mlima haujajifunua. Chai, viazi vitamu vya jana, basi. Mimi ni mzaliwa wa Chwele, upande wa Kenya, nimeolewa huku Sipi, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Mume ni Msebei, mimi Mbukusu, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili, na watoto wanatucheka wote wawili.

Saa moja. Wachumaji watano wamefika. Nawapa ndoo na sharti moja: kila aina na gunia lake. Wananong'ona kwamba Mama Chebet amezidi kusumbua. Na wasumbuke.

Saa mbili. Tunaanzia juu, kwenye Nyasaland za baba mkwe. Kahawa hii ililetwa Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita kutoka nchi inayoitwa Malawi leo, na wazee wa mlimani hawakujua nyingine. Mti ni mrefu, mwembamba, na majani machanga ya nchani yana rangi ya shaba. Matunda ni ya kuhesabu. Nageuza jani moja, napitisha kidole chini yake: unga wa rangi ya chungwa. Kutu, ugonjwa wa majani. Nyasaland haina ubishi nayo, inapukutisha majani tu na kubaki vijiti.

Saa tatu na nusu. SL28. Hii ilichaguliwa Kenya miaka ya 1930, kwenye maabara ya Scott (ndiyo hiyo SL), kutokana na kahawa ya Tanganyika iliyosifika kwa kuvumilia ukame. Tunda lake ni nono, unalisikia kwenye vidole. Lakini kutu inaipata, na chulebuni ndiyo adui yake hasa: tunda bado bichi, unaona doa jeusi limebonyea, wiki chache baadaye limekauka mtini. Usipopiga dawa kwa wakati, unachuma makapi.

Saa nne na nusu. Hapa ndipo penye hadithi. Miaka sita iliyopita nilinunua miche arobaini kwenye kitalu kimoja, nikaambiwa yote ni SL28. Mwaka wa tatu ndipo nilipong'amua. SL28 zangu za zamani zilinipita kichwa katika umri huo, hizi zilinifika kifuani, pingili zimebanana kama viungo vya kidole. Catimor! Nilimpigia simu mwenye kitalu, akasema barabara ni mbaya, mtandao unakatika. Ukakatika kweli.

Sasa kichekesho ni kwamba hizo ndizo zinazolipa karo. Catimor ni uzao wa Caturra, kahawa fupi ya Brazili, na mseto wa Timor, ambao una damu ya robusta, kahawa ya jamii nyingine. Wareno waliifanya kazi hiyo mwaka 1959. Kwangu kutu hutua kwenye Catimor na kuondoka. Matawi yanainama kwa matunda, wachumaji wanazigombania. Ila ni mti mlafi: ukiunyima samadi, mwakani ncha za matawi zinakauka.

Saa saba. Matoke na malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga. Mpwa wangu amevuka mpaka na bodaboda, anataka mbegu za Ruiru 11 nizichume kwenye miti yangu kumi. Nimemkatalia, akanuna. Mwanangu, nikamwambia, Ruiru 11 ni chotara, mbegu zake hutengenezwa kwa kuchavusha ua kwa mkono. Ukiotesha ulichookota chini ya mti, utapata watoto wasiofanana na mama. Anunue miche, au atafute Batian, iliyotolewa Kenya mwaka 2010, ingawa hiyo ni ndefu na inataka nafasi.

Saa tisa. Kuelea, kumenya, kuvundika. Yaliyoelea hayaingii mashineni. Catimor magunia matatu, SL28 moja na nusu, Nyasaland halijajaa. Mnunuzi wa barabarani analipa bei moja kwa zote, kisha anazimwaga kwenye lundo moja. Wachumaji wangu wana haki ya kunicheka.

Saa moja usiku. Ninakaanga kwenye kikaango kahawa ya msimu uliopita, kila aina peke yake, natia vikombe vitatu bila kusema kipi ni kipi. Baba mkwe anaonja. Cha kwanza kinamfanya akunje uso, kina uchachu kama wa zambarau: SL28. Cha pili anakirudisha mezani. "Hii inaacha kitu kooni," anasema, nami nafikiria karo. Cha tatu anakinywa mpaka masimbi.

"Hii ni ya kule juu."

Ni yake. Anajua pia kwamba mume wangu anataka kuikata miti hiyo, tupande Catimor.

"Mkiikata," anasema, "mniambie siku, nisiwepo."

Saa tatu. Nimetafuta uzi mwekundu wa kushonea. Kesho alfajiri nitafunga miti sita ya Nyasaland yenye afya, nichume mbegu. Nyasaland ni kahawa ya jamii ya arabika, na arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo hawa watamfanana mama. Mume sijamwambia bado.