Namna nilivyoliponya gari la ami yangu lililokuwa likichemsha mlima wa Mkoani

Ami yangu ana lori dogo la dizeli lililovikwa bodi ya mbao, la namna ile tuliyozoea kuiita chai maharage, ambalo huchukua abiria na mizigo baina ya Mkoani na Chake Chake, kisiwani Pemba, safari ya yapata kilomita 30. Tangu ilipoingia Kaskazi iliyopita, gari hilo lilikuwa likichemsha kila linapotoka bandarini na shehena kamili, kwa sababu mji wa Mkoani umekaa mgongoni mwa mlima na barabara huanza kupanda pale pale meli inaposhusha watu. Utingo akawa hatoki nyumbani bila ya madumu mawili ya maji, na abiria wakawa wanateremshwa nusu ya njia, na watoto wao na vikapu vyao, kusubiri injini ipoe.

Mimi ni mhandisi wa magari, na kazi yangu ya kila siku hapa Unguja ni mifumo ya kupoza injini: marejeta ya magari, na vibadilisha joto vya mashine za boti ambavyo hupozwa kwa maji ya bahari. Ami hakuniita mapema kwa kuwa aliona aibu kunivusha bahari kwa jambo ambalo kila gereji ilimwambia ni dogo. Aliponipigia simu alikuwa amekwisha kubadilisha gasketi ya silinda hedi, amekwisha kununua rejeta la mtumba badala ya lile lililokuja na gari, na thamostati, yaani kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa kufuata joto, alikuwa ameitoa na kuitupa kwa ushauri wa fundi mmoja aliyemwambia kuwa nchi ya joto haihitaji kitu hicho.

“Mwanangu, miye nimechoka,” aliniambia nilipofika. “Pesa nilizotia humu ningekwisha nunua ng’ombe.”

Nilimjibu, “Ami, nakuomba tusinunue kitu chochote tena mpaka nipande nalo mlima.”

Nililishikilia ombi hilo kwa sababu kosa lililofanyika mara zote tatu lilikuwa moja, nalo ni kubadilisha vifaa bila ya kupima. Injini inayochemsha ina hesabu yake ya mapato na matumizi. Katika mafuta yanayoungua, sehemu moja hugeuka nguvu ya kusukuma gari, sehemu nyingine hutoka na moshi, na sehemu iliyobaki, ambayo katika injini ya dizeli huwa karibu na robo au zaidi kidogo, huingia katika maji na lazima rejeta liitoe nje. Rejeta likitoa kidogo kuliko kinachoingia, joto hupanda, na swali la fundi ni kujua upungufu uko upande wa maji au upande wa hewa.

Nilifunga waya za kupimia joto mahali panne: kwenye mpira wa juu unaopeleka maji katika rejeta, kwenye mpira wa chini unaoyatoa, kwenye mdomo wa pampu ya maji, na mbele ya uso wa rejeta ili kujua hewa inayoingia ina joto kiasi gani. Wengi hupima kwenye mipira miwili tu. Ningefanya hivyo ningedanganyika, kama itakavyoonekana. Tukapakia magunia hadi gari likawa na uzito wake wa kila siku, dereva akashika usukani, na mimi nikakaa ubavuni mwake na daftari mapajani.

Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mpira wa juu ulisoma nyuzi 88 za Selsiasi na haukusogea. Tulipoanza kupanda kwa gia ya pili namba zikaanza kupanda pamoja nasi, na kabla ya kufika juu, katika muda wa kama dakika nne, tulikuwa tumefika nyuzi 104. Wakati huo huo mpira wa chini ulisoma 92. Tofauti ya nyuzi 12 baina ya mipira miwili ingemfanya mtu yeyote aseme kuwa rejeta linafanya kazi nzuri mno. Lakini waya wa tatu, ule wa kwenye mdomo wa pampu, ulisoma 99. Maji yaliyotoka kwenye rejeta yakiwa na nyuzi 92 yalikuwa yanakutana mahali fulani na maji mengine ya moto ambayo hayakupita kwenye rejeta hata kidogo, na mchanganyiko wao ndio uliokuwa ukirudi katika injini. Ukipiga hesabu ya mchanganyiko huo unapata kuwa takriban sehemu 4 tu katika kila 10 za maji ndizo zilizopita kwenye rejeta.

Hapo niliielewa gharama ya ile thamostati iliyotupwa. Katika injini nyingi za Kijapani za aina hii thamostati ina kazi mbili. Kichwa chake hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yanapofika nyuzi 82 hivi, na mguu wake wenye kisahani hushuka na kuziba njia ya mkato ambayo maji huipita injini ikiwa bado baridi. Ukiitoa, njia ya rejeta hubaki wazi, ni kweli, lakini njia ya mkato nayo hubaki wazi daima, na maji, kama kitu chochote kinachotiririka, hufuata palipo pepesi. Kwa hiyo fundi aliyeitoa ili gari lisichemshe alilizidishia kuchemsha. Jambo hili linaniuma kwa sababu nalikuta kila mwezi, Unguja na Pemba, na ushauri huo hutolewa kwa nia njema kabisa.

Pampu ya injini ile, kwa mzunguko tuliokuwa nao mlimani, husukuma yapata lita 96 kwa dakika, yaani kilo 1.6 za maji kila sekunde. Kila kilo ya maji inahitaji kilojuli 4.18 ili ipande uzi mmoja. Maji yaliyotoka katika injini yalikuwa na 104 na yaliyorudi yalikuwa na 99, tofauti ya nyuzi 5, kwa hiyo joto lililokuwa likitolewa lilikuwa kama kilowati 33. Injini yenyewe, kwa kazi iliyokuwa ikifanya, nilikisia inatia majini kilowati 45. Upungufu wa kilowati 12 ukijikusanya katika chuma cha injini na lita zake 14 za maji huweza kuipandisha joto nyuzi 16 kwa muda wa dakika nne na ushei, na ndivyo sindano ya geji ilivyokuwa ikifanya mbele ya macho yetu. Hesabu ya daftari ikikubaliana na sindano kwa kiasi hicho, mtu hupata imani ya kushika spana.

Thamostati peke yake, hata hivyo, haikueleza kila kitu. Waya wa nne, ule wa mbele ya rejeta, ulisoma nyuzi 49, ilhali hewa ya barabarani siku ile ilikuwa na nyuzi 32. Niliomba gari lisimame na injini iachwe ikinguruma, nikachana ukanda wa karatasi laini na kuushika pembeni mwa rejeta. Badala ya kuvutwa ndani, karatasi ilipepea kuja mbele. Hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta ilikuwa inazunguka ubavuni na kuvutwa tena na feni, ikapita mara ya pili na ya tatu, kwa sababu kava la feni, lile bati linaloizunguka feni na kuiongoza hewa, halikuwapo (lilivunjika zamani na hakuna aliyelirudisha) na mianya ya kando ilikuwa wazi. Uwezo wa rejeta hutegemea tofauti ya joto baina ya maji yanayoingia na hewa inayoingia. Kwa maji ya nyuzi 100, hewa ya 32 inakupa tofauti ya 68, na hewa ya 49 inakupa 51 tu, kwa hiyo robo nzima ya uwezo ilipotea kwa kukosa kipande cha bati. Kwenye tambarare upepo wa mwendo ulikuwa ukiificha kasoro hiyo, na mlimani, kwa gia ya pili, hakuna upepo wa kutosha isipokuwa wa feni.

Upande wa hewa ndio unaodharauliwa kuliko wote, na ndio ulio dhaifu kwa maumbile. Maji huupa ukuta wa mrija joto lake kwa wepesi mkubwa, lakini hewa hulipokea kwa shida, na ndiyo sababu tunaiongezea mapezi membamba ili ipate eneo kubwa la kugusa. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Maybach alilifahamu hilo tangu mwaka 1900, alipolitengenezea gari la kwanza lililoitwa Mercedes rejeta la mfano wa sega la nyuki: mirija midogo 8,070, kila mmoja wenye upana wa milimita 6, hewa ikipita ndani yake na maji katika nyufa baina yake, na lita 9 tu za maji zikatosha kuipoza injini. Nikitazama rejeta lolote mpaka leo huhesabu kwanza mapezi, kisha ndipo nikauliza kuhusu maji.

Mapezi ya lile rejeta la mtumba yalikuwa yamekwisha. Chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imeyala pale yanaposhikana na mirija, na nilipopitisha ukucha yalimomonyoka kama ganda la kitunguu kikavu. Pezi lisiloshikana na mrija halipokei joto, hata likiwa limesimama mahali pake na kuonekana zima. Nikauliza lile rejeta la mwanzo liko wapi, na ami akanipeleka nyuma ya nyumba, ambako lilikuwa limeegemezwa kwenye banda la makumbi. Lilikuwa la shaba, la mistari minne ya mirija, mapezi yake yamejaa udongo mwekundu na vumbi la makonyo ya karafuu lakini yameshikamana imara. Nililijaribu kwa njia ya kizamani: nikamimina lita 20 za maji na kupima muda wa kutoka. Yalichukua sekunde 40, na yaliyotoka yalibadilika rangi, yakaacha chini ya beseni tabaka jeupe la chokaa lililochanganyika na kutu. Kisima wanachochota maji ya gari kimo katika ardhi ya mawe ya matumbawe, na maji ya mawe hayo huwa na chokaa nyingi, ambayo huganda kila yanapochemka. Ganda la chokaa linapitisha joto kidogo sana ukililinganisha na shaba, hata likiwa jembamba kama karatasi.

Matengenezo yenyewe yalikwenda haraka. Tuliliosha lile rejeta la shaba kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili takataka zitoke kwa njia zilizoingilia, kisha tukalijaza maji ya uvuguvugu yaliyotiwa asidi ya ndimu, ile ya unga, na kuyaacha nusu saa, tukalisuuza mpaka maji yakatoka safi. Lita zile zile 20 sasa zikapita kwa sekunde 24. Fundi bati wa Chake Chake alitukatia kava la feni kwa vipimo nilivyomchorea, na hapa nilikuwa mkali: theluthi mbili za kina cha panga za feni ziingie ndani ya kava na theluthi moja ibaki nje, na baina ya ncha za panga na bati iachwe nafasi ya milimita 20 kwa kuwa injini hutikisika. Mianya ya kando tukaiziba kwa mpira wa tyubu kuukuu. Thamostati mpya yenye kisahani cha chini ilipatikana Unguja, nayo ikaja na boti siku ya pili. Mfuniko wa rejeta nao nilibadilisha, kwa kuwa springi yake ilikuwa imelegea. Mfuniko mzima wenye shinikizo la ba 0.9 huyafanya maji yasichemke mpaka yafike takriban nyuzi 118.

Jambo la mwisho lilikuwa maji. Nilimwomba ami aache maji ya kisima na atumie ya mvua anayokinga kwenye tangi lake, yakichanganywa na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, kwa kiasi cha theluthi moja. Visiwani kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji, na wengi huona kulanti ni anasa, lakini dawa iliyomo huzuia kutu ndani ya injini, na kutu hiyo ndiyo inayokwenda kuziba mirija ya rejeta.

Tulirudi Mkoani kwa mzigo ule ule, saa nane mchana, jua likiwa kali. Tulipofika kileleni mpira wa juu ulisoma 94 na kusimama hapo, mdomo wa pampu ulisoma 86 na nusu, karibu sawasawa na mpira wa chini, na hewa ya mbele ya rejeta ilikuwa 34. Utingo alikuwa bado ameshika dumu lake. Ami aliinama akasoma namba zote nne mwenyewe, akaniomba nimwandikie kwa rangi upande wa ndani wa mlango wa dereva, ili fundi yeyote atakayefungua boneti baada yangu azione kabla hajatoa kitu. Pampu ya maji ina mlio mdogo wa beringi ambao sikuupenda, na tumekubaliana kuibadilisha kabla ya Ramadhani.