Behewa la shaba linaloonekana tupu

Jumapili iliyopita mzee jirani yangu alikuja kuchukua ngazi yake, akakuta nimetandaza reli sebuleni kuanzia chini ya meza mpaka mlangoni, treni imesimama. Kichwa kimoja na mabehewa manne ya mizigo, yote nimeyajenga kwa lego, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha. Nkajua atacheka mtu mzima kucheza midoli, maana huyu mzee kafanya kazi reli miaka na miaka kabla hajastaafu. Akacheka kweli, ila si kwa sababu hiyo. Akainama akaangalia behewa la mbele, lile nililojaza shaba mpaka juu, akauliza, "Mwanangu, hili linabeba nini?" Nkasema shaba mzee, kutoka Zambia. Akasema, "Basi hapo bogi zishakufa. Zimekufa kabla halijatoka stesheni." Bogi ni zile seti za magurudumu chini ya behewa, moja kila upande wa mwisho.

Nirudi nyuma kidogo.

Hizi lego zilianza kwa binti yangu. Pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuna mama anauza midoli ya mtumba, wanafungua belo wanamwaga chini, sa siku moja nikaokota mfuko mzima wa vitofali kwa shilingi elfu nane tu, vimechanganyika na magurudumu ya magari na mguu wa mdoli. Mtoto akacheza wiki mbili akachoka, mi ndo nikabaki navyo. Alafu shemeji akaja kutoka nje na reli za treni za lego, mota na magurudumu, basi nikawa nimekwisha. Mke wangu mpaka leo anasema "vitu vya mtoto", sijamsahihisha.

Mi nakaa huku upande wa Iyunga, treni nimezisikia toka nipo mdogo. Kwahiyo sikutaka kujenga treni za Ulaya zile za kwenye boksi, nilitaka mabehewa ya mizigo ya TAZARA kama yanavyopita hapa, machafu, yamepauka, yana vumbi jekundu. Reli yenyewe mnaijua, km 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Wachina waliijenga na watu wetu na Wazambia kuanzia 1970, na shaba ndo ilikuwa sababu kubwa, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kwa makaburu.

Sasa kabla hujagusa kitofali lazima uchague skeli, yaani kitu cha kweli unakipunguza mara ngapi, hapa ndo nilipoteza karibu mwezi mzima. Lego ina vipimo vyake havibadiliki: kutoka kinundu mpaka kinundu (vile vya juu ya tofali vinavyoshika) ni milimita 8, tofali lina kimo cha milimita 9.6, na vile vipande vyembamba (mi naviita vibapa) vina milimita 3.2, kwahiyo vibapa vitatu ni sawa na tofali moja. Nikakadiria behewa la kweli lina upana wa mita 2.8 hivi. Nikisema moja kwa 45 nakuta milimita 62, karibu kabisa na vinundu 8. Safi. Nikafurahi nikaenda kulala.

Asubuhi nikapima reli. Aisee. Reli ya lego ina nafasi ya kama milimita 38 kati ya chuma na chuma. Zidisha mara 45 unapata mita 1.7! TAZARA ni milimita 1,067, yaani yangu imepanuka kuliko hata SGR ambayo ni 1,435. Ile ya zamani ya reli ya kati ndo nyembamba zaidi, 1,000, ndo maana pale Kidatu kontena lazima zihamishwe kutoka behewa la huku kwenda la kule, haziwezi kupita moja kwa moja. Nikapiga hesabu upande wa pili, reli sahihi kwa skeli yangu ingekuwa milimita 23.7, yaani vinundu 3 kasoro unywele. Vinundu vitatu! Nikaanza kutengeneza reli zangu mwenyewe kwa vibapa, ikabidi nikate magurudumu, nikakatika kidole badala ya gurudumu. Nikaacha. Kama ukifuata reli badala ya upana wa behewa, unatoka na skeli ya moja kwa 28, behewa moja lina upana wa vinundu 12, hiyo sio treni hiyo ni kabati. Kwahiyo yangu ukiitazama kwa mbele imetanua miguu kama mtu aliyepanda punda, ila ukiitazama kwa ubavu hujui, na mi nimeweka kochi ubavuni.

Kosa la pili urefu. Behewa la mita 13 kwa skeli yangu ni vinundu 36, nikajenga hivyohivyo, zuri limenyooka, nikaliweka kwenye reli iliyonyooka likapita. Kwenye kona likagonga stesheni (boksi la viatu) stesheni ikaanguka. Kona za lego ni kali mno, duara zima lina vipande 16 na nusu kipenyo ni vinundu 40, milimita 320 tu. Behewa refu likiwa kwenye kona linakuwa kama rula juu ya sufuria, katikati linaingia ndani ya duara na ncha zinatoka nje. Kuna hesabu rahisi: chukua umbali kati ya bogi na bogi, uzidishe kwa yenyewe, ugawe kwa nusu kipenyo mara nane. Bogi zangu zilikuwa zimeachana vinundu 24, yaani milimita 192, jibu linakuja milimita 14.4, karibu vinundu viwili linaingia ndani. Nikalifupisha likawa vinundu 28, bogi zimeachana 18, jibu likawa milimita 8.1. Kinundu kimoja. Stesheni ikapona. Ndo maana mabehewa yangu yote ni mafupi kuliko ya kweli, mtu anayejua ataona, mtu asiyejua ataona treni.

Ila kitu nilichokipenda kuliko vyote ni behewa la boksi, lile la kufunikwa la mbolea na ngano. Ukutani lina zile mbavu za chuma zimesimama. Ukipanga matofali kawaida, vinundu vyote juu, ukuta unakuwa laini kama wa choo. Ujanja ni kujenga ukuta umelala, vinundu vinaangalia nje, na hapo kuna zawadi ambayo waliotengeneza hizi lego wametuachia sijui kwa makusudi: vibapa 5 vikipandana ni milimita 16, na vinundu 2 vikilala ni milimita 16. Sawasawa kabisa. Kwahiyo kitu kilichosimama na kitu kilicholala vinakutana bila mwanya kila baada ya hatua hiyo. Nilipoligundua hili ilikuwa saa sita usiku, umeme umekatika, nina tochi ya simu mdomoni, nikapiga kelele peke yangu. Mbavu nikaweka vibapa virefu vyenye upana wa kinundu kimoja, mlango wa katikati nikaweka vibapa laini visivyo na vinundu ili uonekane unateleza, hautelezi wala nini. Rangi ndo sina, mtumba haukupi uchague, kwahiyo ubavu mmoja ni kahawia na mwingine una viraka vya kijivu, nasema ni matengenezo.

Haya, behewa la shaba. Hili ni la wazi, sakafu na vizuizi vifupi pembeni. Shaba inayotoka kule inakuja bapa bapa, kama karatasi nene za chuma, karibu mita moja kwa mita moja, zimefungwa mafungu kwa mikanda. Nikatoa bapa zangu za rangi ya chungwa iliyofifia, mraba wa vinundu 3 kwa 3, nikapanga mafungu 18 sakafuni, mawili mawili kwa upana. Yakakaa lakini behewa likaonekana tupu, limefunikwa chini tu kama mkeka. Nikasema hii haivutii, nikaongeza, nikaongeza, mpaka kimo cha matofali manne. Likapendeza! Hapo ndo mzee alipokuja.

"Shaba sio pamba," akasema. Akavuta kiti. "Chukulia behewa linabeba tani 40. Fungu moja tani 2. Mafungu mangapi?" Ishirini. "Wewe una mangapi pale chini?" Kumi na nane. "Basi lilikuwa limejaa tangu mstari wa kwanza."

Nikakaa kimya. Baada ya kuondoka nikafanya hesabu mwenyewe. Lita moja ya shaba ina karibu kilo 9, kwahiyo tani mbili ni kama lita 220, ukizitandaza kwenye mita moja ya mraba unapata kimo cha sentimita 22, kwa skeli yangu milimita 5, hata vibapa viwili haifiki. Na ule mlima nilioujenga mimi, kwa vipimo vya kweli, ungekuwa na zaidi ya tani 250 juu ya behewa moja. Nimewahi kuona mabehewa yanapita pale karibu tupu nikasema kimoyomoyo hawa nao, mbona wanatembeza mabehewa matupu wakati barabara ya Tunduma malori yamejipanga foleni. Kumbe yalikuwa yamejaa pomoni. Utoto wote nimeyaonea.

Nikamfuata mzee kwake jioni, yeye Mbena wa Makambako, ukimsalimia "Kamwene" mlango unafunguka na kikombe cha chai kinakuja. Nikamuuliza kingine, kwanini treni yangu kwenye kona behewa la katikati linapinduka kuingia ndani wakati hakuna kinachogonga. Hakuuliza hata swali. "Umeweka tupu mbele, zito nyuma." Kweli, behewa la boksi lilikuwa la pili na halina kitu ndani, nyuma yake kuna tanki nililojaza mawe ya kokoto. Kichwa kinavuta mbele, uzito unavuta nyuma, na lile jepesi lililoko katikati ya kamba linanyooshwa, likiwa kwenye kona kunyooshwa maana yake ni kuvutwa ndani ya duara. Nilifikiri ni tatizo la midoli, kumbe ni la treni. Akanieleza jinsi walivyokuwa wakipanga mabehewa kabla ya kutoka, mazito karibu na kichwa, hasa kwa ile sehemu ya kushuka Makambako kwenda Mlimba, madaraja na mahandaki mengi na kona zisizoisha. Chai ikapoa.

Nimebomoa behewa la shaba. Sasa lina mstari mmoja tu, kibapa na kibapa laini juu yake, ni zito kidogo kuliko hesabu ila nimesema liende. Chini ya sakafu nimeficha sarafu kumi na mbili za shilingi mia mbili ili liwe zito kweli, nikaliacha mbele kabisa, la boksi nikalitupa mwisho. Treni imezunguka mara arobaini bila kuanguka, binti ndo alihesabu, kisha akaomba zile sarafu.

Binti kaniambia hilo behewa la shaba ni baya, lile la zamani lilikuwa linang'aa kama dhahabu. Mzee kasema Jumamosi atapita kukagua tanki, maana kaliona likiwa na matumbo mawili akauliza ni nani aliniambia mafuta yanasafiri hivyo. Nimeanza kulibomoa leo usiku.