Mzee Goodenough, mwanajeshi aliyetuachia betri

Tarehe 25 Juni 2023, Austin, Texas, alifariki mzee mmoja wa miaka 100, umebaki mwezi mmoja tu atimize 101. Anaitwa John Goodenough, mwanasayansi ambaye kazi yake ndiyo ilizaa betri za simu zetu. Huku kwetu habari ilipita kimya, watu wako bize na mambo yao, na kila aliyekuwa ana-chati siku ile alikuwa ana-chati kwa kazi ya kichwa cha huyo mzee. Mi ni fundi simu hapa Kariakoo, watoto wangu wanakula na kwenda shule kwa sababu ya hizi simu, kwa hiyo naona nina deni naye na leo naliandika.

Alizaliwa Jena, Ujerumani, mwaka 1922, wazazi wake Wamarekani. Baba yake alikuja kuwa profesa wa historia ya dini chuo cha Yale, msomi hasa, ila mtoto mwenyewe kusoma kulimtesa. Alikuwa na ile hali ya herufi kumchanganya mtu kichwani, na enzi zile hakuna aliyekuwa anaijua, mtoto anaonekana mzito tu basi. Akapambana hivyo hivyo mpaka naye akaingia Yale, akasoma hesabu, na Vita ya Pili ya Dunia ikaja ikamkuta huko.

Jeshini hakupewa bunduki ya mstari wa mbele, alipewa hali ya hewa. Wakampeleka visiwa vya Azores vya Ureno, katikati ya bahari ya Atlantiki, kazi yake kutabiri hali ya hewa ili ndege za jeshi zivuke. Watu wanaweza kuidharau kazi kama hiyo wakisikia mtu "alipigana vita" kwa kupima upepo, mi siidharau hata kidogo, maana rubani akisharuka pale chini ni maji matupu masaa kwa masaa, na anayesema leo ruksa leo hapana ndiye ameshika roho za watu.

Mwaka 1946 akiwa bado huko visiwani ikaja telegramu, arudi Marekani, kuna nafasi za kuwasomesha maofisa wachache waliotoka vitani. Akaenda chuo cha Chicago kusoma fizikia, na hapa ndipo pananigusa kila nikipakumbuka, siku ya kujiandikisha profesa mmoja akamwambia kwamba nyie mliotoka vitani siwaelewi, hamjui kwamba kila aliyefanya la maana kwenye fizikia alishalifanya akiwa na umri wako? Jamaa hata miaka 25 hana! Ameitumikia nchi, amerudi mzima, halafu anapokelewa mlangoni na maneno kama hayo. Hakubishana, akajiandikisha, akasoma chini ya mwanafizikia Clarence Zener na udaktari akaupata mwaka 1952.

Na hapo hapo Chicago ndipo alipompata Irene Wiseman, dada wa Kikanada aliyekuwa anasoma historia. Wakaoana 1951. Hawakubahatika kupata watoto, lakini waliishi pamoja zaidi ya miaka 60 mpaka Irene alipofariki 2016, na mi nikisikia mtu anasifiwa kwamba alikuwa mtu wa familia huwa naangalia kwanza hicho, ulikaaje na mwenzio miaka yote hiyo, mmehama kutoka Marekani hadi Uingereza na kurudi tena, hamna wajukuu wa kuwachangamsha nyumbani, na bado mko pamoja.

Kazini alianzia maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, wakitengeneza memori ya kompyuta zile za mwanzo mwanzo, akakaa huko miaka 24. Halafu 1976, ana miaka 54, umri ambao huku watu wanaanza kukuuliza unastaafu lini, akahamia Oxford kuongoza maabara ya kemia. Mtu wa fizikia anaenda kuongoza wakemia.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Ukipasha mgongo wa simu kwa bloa taratibu gundi ikalegea, ukapitisha kadi ya plastiki pembeni mpaka mgongo ukaachia, ndani utaikuta betri bapa nyeusi imeandikwa 3.7V, au zile mpya 3.85V. Hiyo namba isome vizuri. Betri za nikeli za zamani seli moja ilikuwa inatoa volti 1.2 tu, yaani kufika hapo unapanga seli tatu, ndiyo maana simu za kwanza zilikuwa nene vile na nzito. Mwanasayansi mwenzake mmoja, Stanley Whittingham, alikuwa ameshatengeneza betri ya kuchajika ya lithiamu, metali nyepesi sana, inayofika kama volti mbili na nusu, ila ilitumia lithiamu tupu upande wa hasi, na lithiamu tupu ina tabia ya kuota miiba ndani ya betri ikichajiwa mara kwa mara, miiba ikigusa upande wa pili ni moto. Mzee Goodenough akawaza, tukiweka oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, upande wa chanya volti zitapanda, na lithiamu yenyewe ikae humo humo ndani ya oksidi tokea mwanzo. Mwaka 1980 yeye na wenzake, Koichi Mizushima, Philip Wiseman na Philip Jones, wakaja na oksidi ya lithiamu na kobalti, metali nyingine ya kuchimbwa. Volti 4! Mjapani Akira Yoshino akaja kuweka kaboni upande wa hasi badala ya lithiamu tupu, na mwaka 1991 Sony wakaiingiza sokoni. Laptopu, simu, pawa benki, zote zikafuata njia hiyo.

Pesa? Oxford hawakutaka kugharamia kuandikisha haki ya uvumbuzi, ikachukuliwa na maabara ya serikali ya Harwell, na mzee akasaini kuachia haki zake. Biashara ya mabilioni ya dola, yeye hakupata mrabaha hata senti. Hilo linaniuma mimi kuliko lilivyoonekana kumuuma yeye, maana hata tuzo alizokuja kupata baadaye, pesa zake mara nyingi alikuwa anawaachia chuo zisaidie wanafunzi.

Mwaka 1986, kwa kuwa Oxford sheria ya kustaafu ilikuwa inamsogelea, akahamia chuo cha Texas, Austin, kama profesa wa uinjinia, na huko kafanya kazi miaka zaidi ya 30 mpaka kavuka 90. Alikuwa anajulikana kwa kicheko chake kikubwa, na ukutani kwenye maabara alitundika picha ya kufumwa ya Karamu ya Mwisho, alikuwa mtu wa imani. Mwenyewe alisema baadhi ya watu ni kobe, wanatambaa, wakifika 30 bado hawajaelewa kitu, ila kobe lazima aendelee kutembea.

Na kazi ya huko Texas ndiyo nadhani sisi tunapaswa kuijua zaidi. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Congo, Kolwezi na pande zile, ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wanaichimba wengine kwa mikono mitupu kwenye mashimo yanayoporomoka, na malori yanaishusha kupitia Tunduma mpaka bandari yetu ya Dar. Basi mwaka 1997 mzee huyu huyu na wanafunzi wake wakatoa betri ya chuma na fosfeti, haina kobalti hata chembe, ni ya bei nafuu na haishiki moto kirahisi. Ndizo zile za volti 3.2 kwa seli, ziko kwenye solar nyingi za majumbani na kwenye pikipiki za umeme.

Oktoba 2019 akiwa London, alikoenda kupokea medali nyingine, ndipo akapata habari kwamba kashinda Nobel ya kemia pamoja na Whittingham na Yoshino. Alikuwa na miaka 97, hajawahi kutokea mshindi mzee kuliko yeye. Vijana ninaowafundisha ufundi nimewaambia jina lake walijue kama wanavyojua majina ya wachezaji. Mungu amlaze pema, yeye na mkewe.