Bahasha na Kadi

Nilikuwa na miaka 9 na miezi 4 bila pombe siku nilipokwenda kwa kaka yangu kulipa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu ya watu niliowakosea, Hatua ya Nane kati ya kumi na mbili za AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, tangu mwaka wa pili, tena juu kabisa, na kila nilipolifikia nililiruka nikashughulika na lililofuata. Niliyemwibia saa nilimrudishia thamani yake. Mwajiri wa zamani nilimwendea. Kaka nikambakiza.

Mlezi wangu wa AA, ambaye sote tulimwita Mzee, hakunisukuma. Nilipomwambia niko tayari, alinipa kadi moja ya ukubwa wa kiganja. "Lisiloenea hapa hutalisema," akaniambia.

Kuijaza kadi ile kulinichukua wiki tatu. Rasimu ya kwanza ilirudi vitenzi vimekatwa kwa kalamu. Nilikuwa nimeandika "pesa za matibabu ya baba zilipotea" na "mambo yaliharibika", na Mzee alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na maneno ya namna hiyo. Mlevi, alisema, amejificha humo: chupa ilivunjika, pesa ziliisha, usiku uliingia, mwenyewe hayumo. Nikaandika upya: "Ulinipa pesa za matibabu ya baba. Nilizinywa. Baba alichelewa kulazwa siku tano." Rasimu ya pili ilirudi kwa sababu ya "lakini" moja. Ya tatu kwa sababu ya "samahani", ambayo kwa Mzee ilimtosha mtu aliyekanyagwa mguu tu. Kwa pesa za mgonjwa unasema "nimekukosea", kisha unasema utalipaje.

Malipo nayo yalikuwa na utaratibu. Theluthi ya deni taslimu kwenye bahasha, iliyobaki mafungu kumi, moja kila mwisho wa mwezi. Nisikope ili nilipe, maana hapo ninahamisha deni tu. Na bahasha isitangulie maneno: pesa ikishakuwa mezani humziba mtu mdomo, akaona haya kukwambia yaliyo moyoni. Halafu akauliza swali nisilolitegemea: "Mama anajua?"

Mama hakujua. Hatua ya Tisa, tangu ilipoandikwa mwaka 1938, ina sharti ndani yake: unamwendea uliyemkosea ana kwa ana, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamuumiza yeye au mtu mwingine. Wapo wanaolikimbilia sharti hilo ili wasiende kokote. Kwangu lilimaanisha jambo moja tu, kwamba tuonane wawili peke yetu, mama asije akajua kwa ajili ya kunitua mimi mzigo.

Tulikaa nje ya nyumba yake, viti viwili. Nikasoma. Kadi ilinitetemeka mkononi, jambo lililonikera, kwa kuwa kaka aliijua vizuri mitetemeko yangu ya asubuhi ya enzi zile. Mstari wa mwisho ulikuwa swali: "Kuna nililokukosea ambalo sijalitaja?" Mzee alinionya kuwa hapo ndipo wengi huharibu. Wanauliza huku wameshaanza kuinuka, au jibu likija wanaanza kujieleza. Nilibana mdomo.

"Lipo," kaka akasema. Akakaa kimya mpaka nikadhani amemaliza. "Baba alikuulizia siku tatu mfululizo. Nikamwambia umesafiri kikazi. Neno langu la mwisho kwa baba ni uongo, na uongo wenyewe ni wako."

Hilo halikuwa kwenye kadi. Halikuwa popote katika kurasa zote nilizowahi kuandika.

Nikamwambia nimesikia, nikampa bahasha. "Pesa nitapokea," akasema. "Msamaha, mdogo wangu, leo sina." Akalowesha kidole gumba, akahesabu noti moja moja. Alipofika mwisho akazigeuza, akahesabu tena toka mwanzo.

Njiani kurudi sikutamani pombe hata kidogo, na pengine ndiyo maana nilichelewa kugundua hali yangu. Niliyokuwa nayo kichwani ni hotuba: miaka tisa, mikutano yote ile, watu wangapi nimewashika mkono, halafu ananihesabia pesa mara mbili! Nilimpigia Mzee. Akaniacha niseme kama dakika mbili, akauliza, "Umekula?" Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Njaa, hasira, upweke, uchovu: anayeanza anafundishwa kujikagua hayo manne wiki ya kwanza, nami nilikuwa nayo yote nikiwa mkongwe. "Kula, kisha andika. Safu nne."

Safu ya kwanza, nani. Ya pili, amefanya nini: amekataa kunisamehe, amenihesabia. Ya tatu, kimeguswa nini kwangu: heshima, nafasi yangu katika ukoo. Ya nne, sehemu yangu katika hilo, ndiyo iliyonikalisha hadi usiku wa manane, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kwa kaka kupokea na nikajiita mlipaji. Bill Wilson, mmoja wa waasisi wawili wa AA, aliacha kunywa Desemba 1934, na bado alisumbuliwa na sonona kwa miaka mingi akiwa soba. Mwaka 1958 aliandika kwamba mzizi wake aliuona katika kuwategemea watu na mambo ya nje vimpe utulivu. Makala hiyo nilishawahi hata kuifundisha.

Kwa baba, Mzee aliniandikisha barua, nikaisoma kwa sauti mbele yake. Kwa kaka alinipa siku 14 za kumwombea kila asubuhi yale yale ninayojitakia mwenyewe: afya, usingizi, amani. Siku za kwanza niliomba kwa meno yaliyokazana, na Mzee akasema si neno, kuomba si kwa mwenye hisia nzuri peke yake. Siku ya sita niliruka. Akanirudisha siku ya kwanza.

Mafungu niliyapeleka kila mwisho wa mwezi. Kaka alihesabu mara mbili kila safari, akaandika tarehe nyuma ya kadi. Fungu la kumi alilihesabu hivyo hivyo, kidole gumba mdomoni, pole pole. Katikati ya hesabu ya pili akapotea, akainua macho.

"Nilifika ngapi?"

Sikuwa nimemfuatiliza. Tukaanza pamoja toka noti ya kwanza.