Jinsi nilivyookoa taksusi zangu za kivulini

Upande wa nyumba usiopata jua nilipanda vichaka vitano vya taksusi, vile vyenye majani membamba yanayobaki kijani mwaka mzima. Mwaka wa pili viwili vikageuka manjano, kisha hudhurungi. Nikalaumu kivuli. Nilikosea: taksusi huvumilia kivuli kizito kuliko jamaa zake wengi wa misonobari. Nikaongeza maji, vikazidi kudhoofika.

Tatizo lilikuwa ardhini. Nilichimba shimo la sentimita 30 kando ya kichaka kigonjwa, nikalijaza maji. Asubuhi yake maji bado yalikuwamo. Mfereji wa paa ulikuwa ukimwaga maji mahali hapo, kwenye udongo wa mfinyanzi. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka uozo. Kichaka hiki hustahimili mengi, ila si kusimama majini.

Nilielekeza bomba la mfereji kwingine, nikang'oa vyote vitano, nikakata mizizi iliyooza, kisha nikavipanda upya juu ya tuta la sentimita 25 lenye udongo uliochanganywa na mboji. Matandazo niliyotandaza juu ya udongo hayakugusa shina. Matawi makavu niliyakata hadi kwenye sehemu kongwe ya tawi, maana taksusi huchipua hata hapo, jambo ambalo misonobari mingi haiwezi.

Kimoja kilikufa. Vinne vilichipua msimu uliofuata. Matawi yote niliyokata niliyaondoa siku hiyohiyo: majani na mbegu zake ni sumu kali kwa watu na mifugo, hata yakikauka.