Ramani ya Watu wa Kusini: Nachingwea imekubali

Imekubali! Jana usiku, kabla umeme haujakatika hapa Lindi mjini, nilibofya nukta ya Nachingwea kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nikaandika 1968 ili initajie mkoa wake. Ikajibu Mtwara. Nikaandika 1975, ikajibu Lindi. Nukta ile ile, haikusogea hata kidogo. Furaha niliyoipata haielezeki.

Mnaofuatilia mradi mnajua kero ilipokuwa. Orodha inakusanya watu waliozaliwa, walioishi au waliopita Lindi na Mtwara, tangu Kilwa ya masultani hadi leo, na kolamu ya "mkoa" ndiyo iliyonitesa. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Nyuma ya hapo, enzi za Mwingereza, kote huku kulikuwa Jimbo la Kusini, mpaka Songea. Sasa Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, umwandike wapi? Leo Lupaso iko Mtwara, lakini mwaka ule makao makuu ya jimbo yalikuwa Lindi. Kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, pale Nachingwea ndiyo mbaya zaidi, ile ambayo Samora Machel aliandaa wapiganaji wake. Ilianza ikiwa Mtwara, vita vikaisha ikiwa Lindi, na hakuna aliyeihamisha. Jedwali linadai jibu moja. Ukiandika mistari miwili, mtu anahesabiwa mara mbili. Ukiandika "Mtwara/Lindi", programu inadhani umeunda mkoa wa tatu!

Dawa yake: kolamu ya mkoa nimeifuta kabisa. Mtu anabaki na mahali pake na miaka yake, "kuanzia" na "hadi". Mikoa nimeihamishia kwenye leya (tabaka la ramani) ya mipaka, na kila poligoni, yaani umbo la eneo la mkoa, nayo ina kuanzia na hadi yake. Ukiuliza, QGIS inatafuta ni poligoni ipi iliyofunika nukta hiyo mwaka huo. Palipobaki pagumu ni 1971 wenyewe: ya zamani ikiishia hapo na mpya ikianzia hapo, nukta inadakwa na zote mbili. Ya zamani sasa inaishia 1970, na ugomvi umekwisha.

Kwa anayetaka kuanza kazi kama hii: Excel haifai kwa historia yetu. Tarehe za kabla ya 1900 haizitambui kama tarehe. Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje Novemba 1895, na Livingstone aliyeshuka Mikindani Machi 1866, wote wanageuka maandishi matupu, na mpangilio wote unavurugika. LibreOffice inazipokea. Hata hivyo mimi naweka mwaka kama namba ya kawaida, maana msafiri Ibn Battuta na Kilwa yake ya 1331 hahitaji siku wala mwezi.

Makundi nayo nimeyapanga upya: mzaliwa, mkazi, mpitaji. Livingstone ni mpitaji, hata kama Mikindani kuna nyumba yenye kibao chake. Trevor Huddleston, askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, ni mkazi kamili. Kinjikitile Ngwale ramani inamtupa nje, kwa sababu Ngarambe iko upande wa Rufiji. Hilo sikulikubali. Watu wa Nandete, milima ya Matumbi, waling'oa pamba Julai 1905 wakiamini maji yake, na vita vya Maji Maji vikawaka kutoka huko. Orodha ya watu wa Lindi isiyo na jina lake ni orodha pungufu. Kwa hiyo kuna kundi la nne: aliyegusa.

Hatua iliyofuata ilikuwa nyumba za zamani za Mikindani na Boma la 1895. Nimeisimamisha, kwa sababu nilipofika kwa Boheti bin Amrani nilinasa hapo. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, chini ya wanasayansi wa Kijerumani Janensch na Hennig. Mifupa ya dinosaria waliyoitoa ilibebwa na wapagazi, vichwani na kwenye mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ndipo ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Jina la Janensch linapatikana popote. Wapagazi hawana hata mstari mmoja.

Kwa hiyo leya mpya ni njia yao, kutoka Tendaguru hadi baharini. Nukta za Lindi na za kilima tayari ninazo, katikati bado kweupe. Ndugu yangu yeyote aliyewahi kutembea upande huo akiwa amewasha GPS kwenye simu, naomba faili lake hata kama ni la kipande tu.