Namba Iliyoanza na Jumlisha Moja

"Mjomba, hawa wamejuaje kama simu yangu ina virusi?"

Mtoto wa dada alinisogezea simu yake. Tangazo jekundu, pembetatu inawakawaka, kitufe cha kusafisha. Nikamwambia hawajajua chochote, afunge tu. Akafunga, akaendelea na mambo yake. Mimi nikabaki na Mama Mkubwa kichwani, na ile Agosti ya 2017 pale stationery, Chikongola, mjini Mtwara.

Ulikuwa msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu. Wazazi wameshuka kutoka Nanyamba na Tandahimba na vyeti vya kuzaliwa kwenye mifuko ya Rambo, wengine bado wananukia salfa ya mikorosho. Mimi nilikuwa kwenye fotokopi. Mama Mkubwa, aliyefundisha Kiingereza mpaka akastaafu, alikuwa kwenye kompyuta ya mezani, ile ya Windows 7. Siku hiyo kijana wetu wa kuchapa alikuwa ameweka programu ya bure ya kuua virusi, iliyoletwa na mteja kwenye fleshi. Kumbe yenyewe ndiyo kirusi. Oktoba 2016 Microsoft, wenye Windows, walishatoa tahadhari kuhusu faili la aina hiyo, lililojivika jina la Security Essentials, programu yao ya kuua virusi: likiingia linaficha mshale wa mausi, linazima Task Manager, dirisha la kufungia programu zilizogoma, kisha linatandaza skrini ya bluu ya uongo, kuiga ile ya Windows inapokwama, yenye namba ya kuombea msaada. Skrini ya bluu ya kweli haina namba ya simu. Lakini tahadhari hiyo ingetufikiaje sisi, kwa njia gani?

Kwenye skrini yetu namba ilianza na +1, msimbo wa Marekani na Kanada. Mama Mkubwa akaagiza vocha, akapiga, akaweka laudispika ili mikono ibaki kwenye kibodi.

Aliyepokea alikuwa kijana mpole sana, Kiingereza chake cha haraka. Mama Mkubwa akamsalimu, akamuuliza hali, akajitambulisha kuwa ni mwalimu mstaafu. Foleni yote ikanyamaza kumsikiliza. Kijana akamwambia abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, na kweli, ile skrini ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Baadaye nilisoma kwamba baadhi ya programu hizi hutengenezwa na njia hiyo ya siri ndani yake, ili anayekufungulia awe yuleyule aliyekufungia. Siku ile tuliona mtaalamu.

Akamwelekeza kuweka programu ya kumruhusu aione kompyuta akiwa huko huko aliko. Kisha akamfungulia Event Viewer, daftari ambalo Windows huandikia kila kinachotokea, na kumwomba amsomee. Mama Mkubwa akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ileile ya darasani, pole pole, kila herufi mahali pake: Error. Error. Warning. Error. Kila mstari kijana anaguna kwa huruma, anasema hao wote ni wadukuzi. Makosa hayo yamo kwenye kompyuta yoyote, hata iliyotoka dukani leo. Ni ya kawaida kabisa. Lakini yeye alisoma ukurasa mzima, na mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akawa anatikisa kichwa kama anayesikiliza taarifa ya msiba.

Ndipo kijana akataja dola 300, na kuomba namba za kadi.

Mama Mkubwa akamweleza kwa adabu kwamba hana kadi ya namna hiyo, pesa zake ziko kwenye simu. Akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo.

Sauti ikabadilika. Sitaandika alichosema. Alimtukana mwanamke wa umri wa mama yake, kwa lugha ambayo mama huyo aliwafundisha watoto wa Mtwara kuombea kazi na kuandikia barua za heshima. Nusu ya foleni hawakuelewa maneno. Waliuona uso wake. Huku anatukana, binti mmoja akapiga kelele: "Mwalimu, mshale unatembea wenyewe!" Nikachomoa modemu.

Alikuwa ameshawahi. Tulipowasha tena, kompyuta ikadai nenosiri kabla ya lolote. Ni hila yao ya siku nyingi kwa anayekataa kulipa, kwa kutumia kitu kiitwacho Syskey, kufuli ya nenosiri iliyokuwa ndani ya Windows yenyewe, ambacho Microsoft walikuja kukiondoa kwenye Windows 10 mwishoni mwa mwaka ule ule. Fundi mmoja wa Ligula aliokoa kwa nakala ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, ambayo Windows 7 ilikuwa ikijiwekea yenyewe. Fomu za watoto zilipatikana zote. Pesa haikwenda, isipokuwa ya vocha.

Kwangu mimi hesabu haikuishia hapo. Walimshika kwa ustaarabu wake. Mtu mkali angekata simu mapema. Yeye alibaki kwa sababu amelelewa kumsikiliza mtu hadi mwisho, na kwa sababu Kiingereza anakijua. Siwezi kuwaambia watoto wawe wakavu kwa kila anayepiga simu, na siwezi kuwaambia wawe kama yeye.

Yeye mwenyewe hajabadilika. Namba ngeni ikiita anapokea, anasalimu. Nilipomweleza kwamba vituo vingi vya simu za namna hii viko India, na kwamba humo vijana huajiriwa kwa mshahara na kusomea maneno yaliyoandikwa tayari, aliuliza wanalipwa kiasi gani. Nikamwambia hilo halinihusu. Akasema yeye linamhusu, kwani kijana yule alisoma vizuri na kuna mwalimu aliyemfundisha. Tulibishana hadi chakula kikapoa, na mpaka leo hatujakubaliana.